Wapumzike Vilevile Kama Wewe

Hotuba hii ilitolewa katika semina ya wafanyakazi na wafanyabiashara wa usharika wetu, Dar es Salaam. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya waumini waliokuwa kazini, safarini au wakiuguza.

Bwana Yesu asifiwe!

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, viongozi wa vikundi, na ninyi ndugu zangu mliofunga maduka na mlioomba ruhusa kazini ili mfike hapa, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya kazi na mapumziko katika maisha ya Mkristo mwenye shughuli nyingi. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia katika uuguzi. Nimekesha zamu za usiku, na nimewapokea wagonjwa ambao ugonjwa wao ulianza na uchovu uliopuuzwa. Jambo hili nimelisoma katika Maandiko, na nimeliona wodini.

Watu wengi wanapolitaja pumziko hujifikiria wao wenyewe. Nitapumzika lini? Nafasi nitaipata wapi? Maswali hayo ni halali, na tutayafikia. Lakini naomba tuanze na swali jingine, ambalo Biblia inalitanguliza na ambalo, kwa maoni yangu, tumelisahau: Ni nani anayekosa kupumzika kwa sababu yangu?

Kazi yenyewe sina neno nayo. Mungu alimweka mtu katika bustani ya Edeni ailime na kuitunza, kabla dhambi haijaingia ulimwenguni. Bwana wetu alijulikana Nazareti kuwa seremala. Paulo alitengeneza mahema ili asimlemee mtu, naye ndiye aliyewaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi na asile. Mkristo mvivu hana andiko la kujifichia. Hapo tunakubaliana sote.

Fungueni pamoja nami kitabu cha Kutoka, sura ya tano. Tunapokumbuka jinsi Waisraeli walivyotoka Misri huwa tunataja mapigo kumi na bahari iliyogawanyika, lakini ombi la kwanza ambalo Musa na Haruni walilipeleka kwa Farao lilikuwa dogo. Waliomba ruhusa ya mwendo wa siku tatu jangwani, ili watu wakamtolee Mungu wao dhabihu. Siku tatu! Waliomba likizo fupi ya ibada. Farao akajibu nini? Akawalaumu Musa na Haruni kwamba wanawapumzisha watu ili waache mizigo yao. Mfalme mwenye majeshi, maghala na magari ya vita aliogopa watu wake wasije wakapumzika! Siku ileile akaamuru kwamba watu wasipewe tena majani ya kufyatulia matofali, wakayatafute wenyewe, na hesabu ya matofali isipungue. Walipomlilia, akawaambia, "Wavivu ninyi, wavivu."

Ndugu zangu, mmewahi kuisikia sauti hiyo? Mmewahi kuona watu wakipunguzwa idarani, na malengo ya mwezi yakabaki palepale? Mmewahi kuomba ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali, mkaambiwa kwamba hamjitumi? Na je, mmewahi kuisikia ikitoka katika vinywa vyenu wenyewe, mkiwa mlangoni pa duka, mkimwambia kijana wa kubeba mizigo ambaye hajatia kitu tumboni tangu asubuhi?

Watu wale wakatolewa katika nyumba ya utumwa, wakafika Sinai, wakapewa amri kumi. Amri ya pumziko imeandikwa mara mbili. Katika Kutoka sura ya ishirini sababu yake ni uumbaji: Mungu alifanya kazi siku sita, akapumzika siku ya saba. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya tano, Musa anairudia amri hiyohiyo mbele ya watoto wa watu waliofyatua matofali, na sababu anayoitoa ni nyingine: kumbuka kwamba ulikuwa mtumwa katika nchi ya Misri. Kwa hiyo siku ya saba usifanye kazi wewe, wala mwana wako, wala binti yako, wala mtumwa wako, wala mjakazi wako, wala ng'ombe wako, wala punda wako, wala mgeni aliye ndani ya malango yako, ili mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike vilevile kama wewe.

Angalieni amri hii inamwambia nani. Haimwambii mtumwa, kwa kuwa mtumwa hana mamlaka ya kujichagulia siku ya kupumzika. Inamwambia mwenye nyumba. Inamwambia mwenye shamba na mwenye ng'ombe. Inamwambia mtu mwenye uwezo wa kusema, "Leo usifanye kazi," na neno lake likafuatwa. Hata ng'ombe ametajwa, ambaye hawezi kuomba likizo! Tumeifundisha amri hii kwa miaka mingi kama jambo kati ya mtu na Mungu wake, na ni kweli kwamba ni jambo kati ya mtu na Mungu wake. Lakini Mungu mwenyewe ameweka katikati yao watu wanaotutumikia, na hawezi kumfikia Mungu mtu anayewaruka.

Naomba mniruhusu niwapeleke jikoni, siku ya Jumapili. Ibada ya kwanza inaanza saa moja asubuhi. Dada wa kazi ameamka saa kumi alfajiri, amechemsha maji ya watoto ya kuoga, amepiga pasi sare ya kwaya ya mama, amekaanga maandazi na kujaza chai katika chupa. Familia inaondoka, yeye anabaki, kwa kuwa mtoto mdogo husumbua kanisani. Saa nane mchana tunarudi pamoja na wageni, na pilau iko tayari. Baada ya chakula sisi tunakaa sebuleni. Nje, penye koki, yeye amechuchumaa mbele ya karai, masufuria yamepangwa kushoto kwake kwa ukubwa, kanga imelowa hadi magotini, ngozi ya vidole imejikunja kwa sabuni, na mtoto amelala mgongoni kwake. Jioni kuna vyombo vingine. Usiku kuna mlango wa kumfungulia mtu aliyechelewa kikaoni.

Nimemwona dada huyo katika nyumba nyingi, nyumba za watu wema, watu wanaosali na wanaotoa fungu la kumi. Swali langu ni moja: ni siku gani ya juma iliyo yake? Nauliza kwa upole lakini nauliza kwa uzito: ni siku gani? Mlinzi anayelinda lango letu juma zima, siku yake ni ipi? Kijana wa dukani, tangu aje kutoka kijijini, ameingia kanisa gani, na lini?

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya hiari na ya huruma. Hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kwamba saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa juma, wala siku za kazi zisizidi 6. Inampa mfanyakazi angalau saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine, saa 24 za mapumziko kila juma, na siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo. Saa za ziada huwa za makubaliano, na hulipwa mara moja na nusu. Anayekubali kufanya kazi siku yake ya mapumziko hulipwa mara mbili. Dada wa kazi ni mfanyakazi. Inanihuzunisha kwamba sheria ya nchi, ambayo haidai kumjua Kristo, inampa dada huyo siku ambayo baadhi ya nyumba za Wakristo zinamnyima.

Jambo linalofuata nalo ni zito: pumziko la Biblia ni la pamoja. Kila mtu akipumzika peke yake kwa siku yake, kuna kitu kinapotea, na historia imetuonyesha kwa uwazi.

Mwaka 1929 serikali ya Muungano wa Kisovieti iliamua kuondoa siku ya mapumziko ya pamoja. Shabaha yake ilikuwa mashine za viwandani zisisimame hata siku moja, na pia Jumapili iondoke katika maisha ya waumini. Juma likafanywa kuwa la siku tano, na wafanyakazi wakagawanywa katika makundi matano yaliyotambulishwa kwa rangi, kila kundi likiwa na siku yake ya kupumzika. Kwa hesabu za karatasini, wafanyakazi walipata faida, kwa sababu kila mmoja alifanya kazi siku nne, akapumzika ya tano. Lakini mume aliweza kuwa kundi moja na mkewe kundi jingine. Siku ya baba kukaa nyumbani, mama alikuwa kiwandani na watoto shuleni. Watu wakalalamika kwamba pumziko lisilokuwa na mtu wa kukaa naye haliwafai. Viwandani nako mashine zisizopata nafasi ya kutengenezwa zikaharibika. Mwaka 1931 serikali ikaacha mpango ule, ikaweka juma la siku sita lenye siku moja ya wote, na mwaka 1940 ikarudisha juma la siku saba na Jumapili yake. Wafaransa walikuwa wamejaribu jambo linalofanana na hilo tangu mwaka 1793, wakaweka juma la siku kumi, na kalenda yao yote ikafutwa mwanzoni mwa mwaka 1806.

Nawasimulia haya kwa nini? Kwa sababu sisi hatukuletewa amri na serikali yoyote, lakini nyumba zetu zimefika palepale. Baba ana mapumziko Jumanne. Mama anapumzika Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ya kikao cha kikoba na ya kufua. Mtoto wa darasa la sita ana tuisheni Jumamosi asubuhi na Jumapili mchana. Tunalala chini ya bati moja, tunaachiana ujumbe kwenye simu, na mwezi unakwisha hatujala mlo mmoja tukiwa wote mezani. Mkinialika nyumbani kwenu nikauliza ni saa ngapi ya juma ambayo kila mtu yupo, mtanijibu nini?

Najua kuna kazi zisizoweza kusimama, na mimi nimetoka katika mojawapo. Mgonjwa wa Jumapili ni mgonjwa, na Bwana mwenyewe aliponya siku ya sabato, akawauliza waliomlaumu kama wao wasingemtoa kisimani ng'ombe aliyetumbukia. Kwa watu wa zamu, ushauri wangu ni kwamba familia ikae chini na ratiba ya mwezi mkononi, itafute siku moja inayowezekana, na siku hiyo ilindwe kama tunavyoilinda tarehe ya harusi.

Sasa nageukia kundi ambalo huumizwa na mahubiri ya namna hii. Nawaambia kinamama wa lishe, vijana wa bodaboda, wauza mboga, na wote wanaokula kwa siku. Mtu wa mshahara akisimama hapa akawaambia, "Pumzikeni, Mungu atatoa," naye anajua mwisho wa mwezi fedha zake zinaingia benki, ninyi mna haki ya kumtazama kwa mshangao. Mama akifunga meza yake siku moja, watoto wanaweza kulala bila kula. Huyo msimwambie kwamba hana imani.

Msomeeni habari ya mana, chakula ambacho Mungu aliwashushia Waisraeli jangwani. Katika Kutoka sura ya kumi na sita waliokota omeri moja, kipimo cha chakula cha siku moja, kwa kila mtu, na aliyebakiza hadi asubuhi alikuta chakula kimeingia mabuu na kunuka. Lakini siku ya sita waliokota omeri mbili, na ile ya pili haikuharibika. Kabla Mungu hajawataka watu wakae hemani siku ya saba, alikuwa ameshawapa chakula cha siku hiyo. Pumziko la maskini linahitaji omeri ya pili. Basi tusiulize kwa nini mama lishe hapumziki. Tuulize omeri yake ya pili iko wapi, na ni nani anayeishikilia.

Wakati mwingine tunaishikilia sisi. Anayenunua chakula kwa mkopo juma zima na kulipa akijisikia, ameshika omeri ya mtu. Mwajiri anayechelewesha ujira ameshika omeri ya mtu. Torati ilimwagiza amlipe kibarua siku ileile kabla jua halijachwa, kwa sababu yule ni maskini na moyo wake uko katika ujira huo. Yakobo naye anasema kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na vilio vya waliovuna vimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Mtu anayedai fedha zake hawezi kulala, hata ukimpa kitanda.

Nawafahamu kinamama wa soko moja la mtaani ambao walilitafutia jambo hili njia. Kila siku ya kazi kila mmoja humkabidhi mweka hazina kiasi kidogo, na Jumamosi jioni kila mmoja hupokea kifungu chake kwa ajili ya chakula cha kesho. Jumapili hakuna anayefungua meza kabla ya saa tisa alasiri. Walikubaliana wote, wa kanisani na wasio wa kanisani, kwa sababu walijua kwamba mmoja akifunga peke yake wateja watahamia meza ya jirani. Wateja walinung'unika kwa muda, kisha wakazoea kununua Jumamosi. Kwangu mimi huo ni ufafanuzi bora wa sura ya kumi na sita kuliko mengi niliyoyasikia mimbarani.

Nisiondoke kabla sijasema neno kama muuguzi. Mwezi Mei 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba mwaka 2016 watu 745,000 duniani walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo uliohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma. Wanaofanya kazi kiasi hicho wana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wanaofanya kazi saa 35 hadi 40. Ninapozisoma tarakimu hizi naona sura za watu: baba aliyeletwa na wenzake wa dukani, mdomo umepinda, mkono mmoja haunyanyuki, na funguo za duka bado ziko kiunoni.

Eliya alikuwa mtumishi wa Mungu kuliko sisi sote. Alitoka katika ushindi wake juu ya manabii wa Baali mlimani Karmeli, akakimbia mbele ya gari la mfalme Ahabu hadi Yezreeli, kisha akamkimbia Yezebeli, mke wa mfalme aliyeapa kumwua, hadi Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mti uitwao mretemu akaomba afe. Mbele ya mtu kama huyo sisi tungefanya nini? Tungemwekea mikono, tungemwambia afunge siku tatu, pengine tungesema imani yake imepungua. Mungu alimwacha alale. Malaika akamgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili kwa chakula, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa mno kwake. Swali la Mungu, "Unafanya nini hapa, Eliya?" lilikuja baadaye, huko Horebu, kwa mtu aliyekwisha kulala na kula.

Kwa hiyo nauliza kanisa langu, kwa upendo: Jumapili yetu inafanana na mretemu ule? Ibada, kisha mnada wa mavuno, kisha kamati ya ujenzi, kisha mazoezi ya kwaya, kisha kikao cha harusi saa kumi, kisha kikao cha send-off. Mwinjilisti wetu amezunguka mitaa yote. Walimu wa watoto hawajaketi tangu asubuhi. Yesu aliwaambia wanafunzi wake, waliokuwa hawana hata nafasi ya kula kwa wingi wa watu, waende mahali pa faragha wakapumzike kidogo. Mchungaji, mara ya mwisho sisi kama usharika kukuambia maneno hayo ilikuwa lini?

Nimewasilisha kwa katibu maombi kwa maandishi ili yafike katika kikao kijacho cha baraza la wazee. Naomba kuanzia saa nane mchana wa Jumapili pasiwe na kikao chochote cha usharika, na vikao vya harusi vya waumini wetu vihamishiwe siku nyingine. Naomba mwinjilisti, mlinzi wa kanisa na mhudumu wa usafi wapewe kila mmoja siku yake ya juma, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo ili sote tuijue na tusimpigie simu siku hiyo. Naomba pia ibada ya kwanza iwe na mahali pa watoto wachanga, ili dada anayebaki nyumbani na mtoto aweze kuja naye. Mwenye nyongeza amwone katibu kabla hatujatawanyika. Na kila mwenye dada nyumbani, mlinzi au kijana dukani, amuulize leo jioni ni siku gani angeipenda iwe yake, kisha asikilize jibu lote.

Kinamama waliotupikia chakula cha semina hii wako nyuma ya ukumbi tangu alfajiri. Mchungaji akishamaliza kuombea chakula, wao ndio wataketi na kupakuliwa kwanza. Vyombo tutaviosha sisi. Wazee wa kanisa wawili wameshakubali, mimi wa tatu, na bado karai mbili hazina watu.